Kutu na Mafuta Meusi

Mafuta ya hoteli ya baba yangu yalikuwa meusi kama oili inayotolewa kwenye lori lililorudi kutoka Moyale. Sitii chumvi. Baba alikuwa fundi wa malori kabla hajafungua hoteli, na oili chafu niliijua tangu utotoni, ikitiririka polepole kuingia katika beseni chini ya injini. Tofauti yake na mafuta ya karai letu ilikuwa moja tu: oili hakuna mtu aliyeila.

Hoteli yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mbao na mabati pale Makutano, mjini Meru, nyuma ya maduka ya vipuri. Nilimaliza kidato cha nne katikati ya miaka ya tisini, alama zikakataa kunipeleka popote, na baba akasema, "Kaa na mimi hapa kwanza." Nikakaa. Kazi yangu ikawa karai. Asubuhi mandazi, mchana viazi vilivyochovywa katika unga, jioni samosa, na vyote vikipita katika mafuta yale yale. Mafuta hayakumwagwa. Yakipungua yaliongezwa, na hata hayo ya kuongeza hayakuwa mapya. Huko Embu baba alikuwa na rafiki, mpishi wa hoteli kubwa ya wageni, aliyemwekea mafuta yaliyokwisha kukaanga kuku na samaki mpaka jikoni kwao yakakataliwa. Yalikuja na lori, katika mtungi wa plastiki, makombo yamelala chini kama matope ya mtoni. Siku moja nilipokuwa nikiyamimina, ilianguka ndani ya karai plasta, ile ya kufungia kidole kilichokatwa, bado imejikunja umbo la kidole cha mwenyewe.

Nilipiga kelele. Baba akaja, akaiopoa kwa uma, akaitupa motoni.

"Moto unaua kila kitu," alisema. "Endelea."

Niliendelea. Lakini tangu siku hiyo sikutia tena kinywani kitu kilichotoka katika karai lile. Mafuta yalipopata moto yalitoa povu la kahawia lisilotaka kutulia, na moshi wake ulikuwa na uchungu uliokwama kooni. Harufu ile ilinifuata kitandani. Ilikaa katika nywele, katika sidiria, katika Biblia niliyobeba kanisani Jumapili. Ukutani, juu ya jiko, moshi uliganda ukawa utando mnene wa rangi ya asali chafu, na nzi waliotua hapo hawakuondoka. Walikauka papo hapo, na wengine wakatua juu yao.

Baba yeye hakunusa kitu. Aliingia asubuhi akivuta sigara, akachukua andazi la kwanza likiwa bado linachuruzika, akalila akiwa amesimama, na la pili, na la tatu. Mafuta yaliyoshuka hadi kiwikoni aliyalamba. Niligeuza uso kila mara. Nampenda baba yangu, na haikunisaidia. Kumpenda mtu hakuzibi pua.

Mama hakuwa na shida hiyo kwa sababu hakula hotelini. Yeye alitoka Mbeere, kwenye ukame, akaolewa huku juu kwenye baridi, na miaka yote aliona chakula cha mjini kama kitu cha watu waliokosa mama. Alibaki nyumbani na shamba, akija Makutano siku za soko tu, na ni siku ya soko alipowaona sisimizi.

Walikuwa nyuma ya hoteli, chini ya ukuta wa mabati, kwenye ile pembe ambayo baba alikojolea kwa uvivu wa kwenda choo cha soko. Mstari mnene mweusi ulitoka nyasini ukaingia katika ule udongo uliolowa, na pale katikati sisimizi walijazana mpaka udongo ukaonekana unatetemeka. Mama alisimama akitazama huku ameshika kiuno. Kisha akaniita.

"Nani anakojoa hapa?"

"Baba."

"Tangu lini anaamka mara nyingi hivi? Nyumbani anatoka nje kila saa. Nilidhani ni chai."

Nikamwambia kwamba mchana anamaliza birika zima la maji peke yake, na kwamba mkanda wake ameutoboa tundu jipya kwa msumari. Mama alitema mate pembeni, akaenda moja kwa moja ndani, akasimama mbele ya baba aliyekuwa anakula.

"Baba watoto, mkojo wako umealika wageni."

"Wageni gani?"

"Sisimizi. Kwetu kulikuwa na mzee wa namna hiyo. Sukari ilimmaliza. Inuka twende hospitali."

Baba alicheka mbele ya wateja, lakini alipotoka nje kutazama, alirudi akaisukuma sahani kando. Kesho yake nilikwenda naye.

Kliniki ya sukari ilikuwa mwisho wa ukumbi mrefu ulionuka dawa ya sakafu. Sista aliyetupokea alikuwa mama wa makamo, sweta ya kijani juu ya sare, sauti ya mtu aliyechoka kusema jambo lile lile lakini bado analisema vizuri. Walimchoma baba kidole, wakamtaka mkojo, wakampima presha. Kisha sista akamkalisha.

"Mzee, ulikuwa unafanya kazi gani kabla ya hoteli?"

"Fundi wa magari."

"Basi tutaelewana. Mshipa wa damu ndani yake una utando laini sana, laini kuliko ndani ya shavu lako. Sukari ikikaa juu kila siku, mwili unatengeneza uchafu mwingi unaochoma ule utando. Ni kama vile kutu inavyokula bomba, pole pole, bila kelele. Inaanza na mishipa midogo kabisa, ile ya macho, ya figo, ya miguu. Halafu inakuja kwa ile mikubwa ya moyo."

"Kutu naijua," baba alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana amestarehe.

"Sawa. Sasa sigara inaongeza hiyo kutu. Na vitu vya kukaangwa, hasa kwa mafuta ya kurudiarudia. Hayo yameshaharibika kwa moto kabla hujayameza."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti. Nilimtazama baba kisogoni. Yeye aliitazama kalenda ya ukutani.

"Na dawa ya hiyo kutu ni gani?"

"Umeze hizi tembe ili sukari ishuke. Presha tutakuwa tunaiangalia. Sigara uache leo. Utembee kwa miguu. Ule mboga za majani, ndengu, maharagwe, tunda kidogo."

"Hiyo ni chakula. Mimi nauliza dawa ya kutu."

"Hakuna kitu cha kupaka ndani ya mshipa, mzee," sista alisema. "Mshipa unalindwa kwa kutouchokoza."

Tulirudi kwa miguu, baba akitembea kwa nguvu kuonyesha kwamba ameanza matibabu. Karibu na kituo cha mafuta akasimama.

"Umesikia vile yule sista amesema? Kutu. Sasa wewe ukitaka chuma kisishike kutu, unafanya nini?"

"Sijui, Baba."

"Unakipaka mafuta." Akainua kidole. "Hawa wa hospitali hawajawahi kushika spana."

Nilidhani anatania. Lakini alipofika hotelini aliketi, akaagiza kutoka kwangu, binti yake, sahani ya viazi, na aliponiona nasita, akasema kwa upole kabisa, "Lete. Nalainisha mabomba." Alikula mpaka midomo ikang'aa. Sigara aliiacha mbele yetu, na nyuma ya hoteli akaivuta juu ya sisimizi. Tembe alizimeza, hilo sitamnyima, lakini alizimeza na mandazi.

Mwalimu alikuja wakati huo. Namwita mwalimu kwa sababu ndivyo kila mtu alivyomwita. Alikuwa mwalimu mstaafu kutoka upande wa Embu, mrefu, tai shingoni hata kwenye vumbi, mkoba wa ngozi mkononi. Alizunguka miji ya huku akiuza vidonge vya kampuni fulani ya nje. Aliagiza chai bila sukari, akasali kabla ya kuinywa, akasikia baba akimsimulia mteja habari za kutu ya mishipa. Basi akageuza kiti.

"Mzee wangu, una avokado hapa?"

Makutano avokado hazikosi. Baba alinituma, nikaleta moja iliyoiva. Mwalimu aliipasua katikati kwa kisu changu cha jikoni. Nusu moja aliikamulia ndimu aliyoitoa mkobani, nusu ya pili akaiacha hivyo hivyo. Akaziweka mezani, akaendelea kunywa chai na kuzungumza juu ya uumbaji wa Mungu. Chai ilipokwisha, nusu iliyoachwa ilikuwa imeanza kupata madoa ya kahawia, ile ya ndimu bado kijani kibichi.

"Hewa ndiyo hiyo inakula," alisema. "Ndani ya mwili wa mgonjwa wa sukari kuna kazi kama hii inaendelea mchana na usiku. Sasa hivi vidonge vyangu ni hiyo ndimu. Vinaingia kwenye mafuta ya mwili na kuyazuia yasioze. Mishipa inabaki mipya."

Alimimina vichache kiganjani. Vilikuwa laini, vya rangi ya asali, vinapitisha mwanga, vizuri kutazama. Baba alikiweka kimoja kwenye mwanga wa mlango kama mtu anayekagua kito.

"Vinazuia mafuta kuoza?"

"Ndiyo, mzee."

"Mafuta yoyote?"

Mwalimu alifikiri. "Mafuta ni mafuta," alisema.

Baba alinunua. Nilimwambia tumuulize sista kwanza, akasema sista ana wivu na kila kitu asichokiuza yeye, ingawa sista hakuwa anauza chochote.

Siku chache alivimeza kama alivyoelekezwa. Kisha asubuhi moja nilimkuta amenitangulia jikoni. Jiko lilikuwa limewaka, mafuta yanaanza kutetemeka, na baba ameinama juu ya karai na pini mkononi. Alitoboa kidonge, akakikamua kwa vidole viwili, tone zito likaanguka ndani ya yale mafuta meusi. Akachukua kingine. Ganda tupu aliliweka kando, juu ya ubao ninaokatia vitunguu, na hapo palikuwa na rundo la maganda, malegevu, yanayonata, kama ngozi za viwavi.

"Baba, unafanya nini?"

"Nazuia." Hakuinua kichwa. "Mwalimu anasema vinazuia mafuta kuoza. Sasa kwa nini ningoje yaingie tumboni ndipo niyazuie? Nayazuia hapa. Na si mimi peke yangu, kila mtu anayekula hapa analindwa. Hawa madereva wote wana presha."

Alisema hivyo kwa nia njema kabisa, na hicho ndicho kilichonichefua zaidi. Angekuwa mjanja ningejua la kumfanya. Lakini baba yangu alisimama pale, uso umelowa jasho la moshi, akiwakamulia watu asiowajua dawa aliyonunua kwa ajili ya maisha yake mwenyewe, ndani ya mafuta yaliyopikiwa plasta.

Joto lilipopanda, harufu ikabadilika. Kwenye moshi wetu wa kila siku kukaingia harufu ya samaki aliyesahaulika ndani ya mfuko. Povu likapanda mpaka ukingoni, zito, halipasuki. Mandazi yalitoka na mabaka meusi, yakawa na ngozi iliyonata vidoleni. Nilimwambia baba tusiyauze. Alionja moja, akatafuna kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Yana ladha ya dawa," alisema. "Uza."

Mteja wa kwanza alikuwa dereva wa lori la ngano kutoka Timau, mtu mkubwa, mpole, aliyetuzoea. Alimega, akatia mdomoni, akatafuna kidogo, akaacha. Kisha akainama chini ya meza, akatema. Halikutoka lote, alilazimika kuingiza kidole na kulikwangua kwenye kaakaa. Nilimletea maji, na alipokunywa, yakatoka na chai, na kile alichokula kabla ya kuja kwetu. Nilikwenda kuleta majivu ya kumwagia sakafuni. Nikiwa nimechuchumaa pale nikifagia matapishi ya mtu mzima, nilitazama juu nikawaona wale nzi wakavu ukutani, na nikajua kwamba mahali hapa pote pananichukiza, kuanzia kizingiti mpaka paa, na kwamba nikikaa zaidi nitaanza kumchukia baba mwenyewe.

"Mzee," dereva alisema akijifuta, "hii mandazi imekufa lini?"

Wengine walicheka. Baba hakucheka. Aliingia jikoni, na kwa wiki nzima akaendelea kutoboa vidonge, akisema kwamba dawa yoyote mwanzoni hupigana na mwili.

Kisha ikaja asubuhi ya jicho. Nilikuwa nakanda unga. Baba alikuwa mlangoni, akaanza kupunga mkono mbele ya uso wake kama anayefukuza mbu. Aliacha, akapunga tena.

"Hawa nzi leo wana nini?"

Hapakuwa na nzi. Nilimwambia hivyo. Alifumba jicho la kulia, akafumbua, akafumba la kushoto.

"Kuna nyuzi," alisema. "Nyuzi nyeusi zinaelea. Kama oili ukiimwaga ndani ya maji." Alikaa kwenye gunia la makaa. "Sasa zinakuwa nyekundu."

Nilizima jiko kwa maji, sikujali moshi, nikamshika mkono. Haikuwa siku yake ya kliniki lakini sista alitupokea, akamwita daktari, daktari akamulika ndani ya jicho kwa muda, akazima taa. Mishipa midogo ya nyuma ya jicho, alisema, imechakaa, na mwili ukajaribu kuotesha mingine, lakini hiyo huota dhaifu, na mmoja umepasuka. Damu imeingia katikati ya jicho. Lazima twende hospitali ya macho karibu na Nairobi, haraka, kwa sababu hata jicho la kulia limeanza.

Baba alimgeukia sista. Nilifikiri atauliza kuhusu upofu.

"Mimi nimekuwa nikitumia dawa ya kutu," alisema, akatoa mfukoni kichupa cha vidonge.

Sista alikisoma. Hakukasirika. "Hii ni vitamini na mafuta ya samaki, mzee. Labda haikudhuru, lakini haiwezi kushinda sukari iliyoachwa juu, na sigara, na karai. Nani angefagia nyumba huku mwingine anamwaga takataka mlangoni?"

"Sikuzimeza zote," baba alisema kwa sauti ya mtoto. "Nyingi niliweka kwa karai."

Sista alinitazama kuhakikisha amesikia vizuri. Nikaitikia kwa kichwa. Alifunika mdomo kwa mkono, na sijui mpaka leo kama alizuia kicheko au kitu kingine.

Mama ndiye aliyempeleka hospitali ya macho. Walimchoma mishipa ya jicho la kulia kwa mwanga mkali, na likabaki linaona. La kushoto halikurudi. Walipokuwa huko, nilibaki na ufunguo wa hoteli na karai lililojaa, mafuta yameganda juu yakawa na ngozi. Mende alikuwa amezama nusu ndani ya ngozi hiyo.

Sikuyagusa. Nilimngoja mama. Waliporudi, baba akiwa na kitambaa juu ya jicho, mama hakukaa hata kunywa maji. Alifunga leso kiunoni, akaniambia, "Shika upande ule." Tulibeba karai nje, na ile mitungi kutoka Embu, tukachimba shimo nyuma penye magugu. Mafuta hayakutaka kumwagika. Yalishuka kwa mikunjo mizito, yakifanya sauti kama mnyama anayemeza, na chini kabisa kulikuwa na tope jeusi la makombo ya miaka, lililobaki limeshika ukingo mpaka mama akalikwangua kwa jembe. Nilitapika mara mbili. Mama alitapika mara moja, akajifuta, akaendelea. Baba alikaa kwenye benchi mbele ya hoteli, mgongo kwetu. Alisikia kila kitu.

"Mnamwaga jasho langu," alisema.

"Jasho lako tumelifua kwa nguo zako miaka yote," mama alijibu. "Hili tunazika."

Mbwa wa sokoni walifukua usiku huo. Asubuhi tulikuta udongo umetapakaa, na mmoja wao amelala kando ya shimo, ubavu unapanda na kushuka, akiharisha mahali alipolala. Tukafukia tena kwa mawe. Kuta tuliziosha kwa magadi na maji ya moto, tukikwangua wale nzi kwa kisu, na zilipokauka ilionekana kwamba mbao zilikuwa na rangi ya kijani ambayo sikuwahi kuijua.

Tulifungua tena na chakula cha kuchemsha. Mama alileta ndengu na kunde kutoka kwao Mbeere, tukapika nduma, viazi vitamu, githeri ya mahindi na maharagwe, na mboga za majani, managu na terere. Wateja wengi walituhama siku ile ile. Wachache walibaki, akiwemo dereva wa Timau, ambaye aliinusa sahani kwanza, kila siku, kwa muda mrefu. Sikumlaumu. Baba alikula managu kama mtu anayetafuna adhabu. Aliyavuta kwa meno ya mbele, akayameza bila kuyaruhusu kugusa ulimi. Lakini sigara aliacha kweli. Na alitembea, kila asubuhi, kutoka Makutano hadi kliniki na kurudi, hata siku zisizo za kliniki.

Mwalimu alirudi mvua za masika zilipokuwa zimepungua. Alikuwa na tai ile ile, ila alichechemea, na alipokaa nilisikia harufu. Mimi niliyeishi ndani ya harufu mbaya nilijua hii si ya jikoni. Ilikuwa tamu, ya kitu kilichooza kwa ndani, na ilitoka chini ya meza. Alikuwa amevaa kiatu kimoja. Mguu wa pili ulikuwa ndani ya kandambili, umefungwa kitambaa kilicholowa rangi ya njano.

Nilikuwa tayari kumfukuza. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kwa miezi. Lakini baba, kwa jicho lake moja, aliinama akatazama chini ya meza.

"Mwalimu, wewe pia una sukari?"

"Kwa miaka mingi," mwalimu alisema. "Lakini mimi ninajilinda. Ninameza vidonge vyangu mara mbili ya kipimo."

"Na tembe za hospitali?"

"Niliziacha. Nilipata hiki kitu bora." Alijaribu kutabasamu. "Kidole kimekwaruzwa tu na kiatu. Hakiumi hata kidogo."

"Hakiumi," baba alirudia. Akamfungua kitambaa yeye mwenyewe, pale pale, wateja wakila. Kidole gumba kilikuwa cheusi mpaka kwenye fundo, na kati ya vidole kulikuwa na usaha. Mtu wa meza ya pili aliinuka na sahani yake akaenda kula nje. Mimi nilishikilia ukuta. Huyu mtu hakuwa tapeli. Alikuwa ameamini kila neno alilotuuzia, na imani yake ilikuwa inaoza mbele yetu na tai shingoni. Sikumhurumia. Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia, lakini nilichohisi ni chukizo tupu.

Baba hakumwambia lolote kuhusu avokado wala karai. Alikifunga kile kitambaa tena.

"Inuka twende," alisema. "Kuna sista mmoja nataka umsikilize. Atakuambia habari ya kutu, lakini wewe usimsikilize vile mimi nilimsikiliza."

Waliondoka wameshikana mikono, mmoja haoni upande wa kushoto, mwingine hakanyagi upande wa kulia. Nilimwaga maji yanayochemka juu ya kiti alichokalia mwalimu, nikakisugua kwa magadi, nikakiweka juani, na hakuna mtu niliyemruhusu kukikalia tena.

Walimkata kidole, kisha kipande cha mguu. Aliishi. Baadaye tulisikia kwamba bado anauza vidonge huko kwao, na kwamba anawaambia watu ndivyo vilivyouokoa mguu uliobaki. Baba aliposikia hakukasirika. Alisema mtu akipoteza mguu lazima aachiwe kitu cha kusimamia.

Yeye mwenyewe aliuvuka mwisho wa miaka ile ya tisini akiwa na jicho moja linaloona na figo zinazofanya kazi, jambo ambalo sista alilitaja kila mara kana kwamba ni mali yake. Hakuwa malaika. Alasiri moja nilitumwa dukani nikamkuta nyuma ya kibanda cha jirani, amenipa kisogo, anakula samosa. Mafuta yalikuwa yanashuka kwenye kidevu.

"Baba."

Alishtuka, akaificha mgongoni kama mtoto wa shule.

"Ni moja tu," alisema. "Ya ndengu. Nimemwambia anitolee iliyo ya ndengu."

"Leta."

Alinipa. Ilikuwa ya moto bado, nzito, imelowa. Niliishika kwa ncha za vidole, mkono nimeunyoosha mbali na mwili, na nikatembea nayo hivyo mpaka kwenye pipa la taka, baba akinifuata nyuma akilalamika kwamba angalau ningempa mbwa.